Atoxyl, Benzoksaboroli na Kichaka cha Uzigua: Dawa za Kusanisiwa katika Historia ya Malale na Nagana

Historia ya dawa za malale huanzia, kwa kawaida, katika maabara za Ujerumani. Insha hii inaianzia Uzigua, katika nchi ya vijiji kama Masuguru, kati ya Handeni na Korogwe, kwa kuwa huko swali la kwanza halikuwa la kikemia. James Giblin, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1992, alionesha kwamba kabla ya ukoloni Wazigua walifuga ng'ombe katika nchi yenye mbung'o kwa kulima, kufyeka na kukizuia kichaka kisisogelee makazi. Njaa ya 1894 hadi 1896 na zile zilizofuata zilipunguza watu na mifugo. Kichaka kikarudi, na mbung'o pamoja nacho.

Mwaka 1905 Robert Koch alikuwa Amani, katika milima ya Usambara, akichunguza mbung'o na vimelea vya tripanosoma. Mwaka uliofuata alikwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kuwatibu wagonjwa wa malale kwa sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki. Vimelea vilitoweka katika damu, kisha vikarudi. Dozi zikaongezwa, baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Kwa maoni ya mwandishi, neno "kutibu" hapa linastahili kusomwa kama "kujaribu".

Huko Frankfurt, Paul Ehrlich na Alfred Bertheim walibainisha mwaka 1907 kwamba muundo wa Atoxyl ulikuwa umeeleweka vibaya: molekuli yake ilikuwa na kundi huru la amino, hivyo iliweza kubadilishwa hatua kwa hatua. Njia hiyo ilizaa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyoanza kuuzwa mwaka 1910. Ndani yake kundi la amino limekaa jirani na kundi la haidroksili kwenye pete ya benzini. Ujirani huohuo ndio msingi wa usanisi wa benzoksazoli: orto-aminofenoli ikipashwa moto pamoja na asidi ya kaboksili, maji hutoka na pete ya pili hufunga, ikiwa na oksijeni na naitrojeni. Kampaundi za kundi hili zimetoa dawa kama tafamidisi, inayotibu amiloidi ya moyo. Kwa malale, iliyofika kwa wagonjwa ni benzoksaboroli, ambayo pete yake ya pili ina boroni badala ya naitrojeni. Majina yanakaribiana mno, na yasichanganywe.

Akoziboroli, ya kundi hilo la pili, ilijaribiwa kati ya 2016 na 2019 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Guinea kwa wagonjwa 208, kwa dozi moja ya kumeza. Kati ya 167 waliokuwa katika hatua ya mwisho ya ugonjwa, matibabu yalifanikiwa kwa 159 baada ya miezi 18. Ni mbali sana na sindano za Ssese. Hata hivyo, wagonjwa hao walikuwa na kimelea cha *gambiense*. Malale ya Tanzania ni ya *rhodesiense*, ambacho huishi pia ndani ya ng'ombe na wanyamapori. Kumponya mtu hakukiondoi humo.

Kwa upande wa mifugo, ushahidi uko karibu zaidi. Katika ranchi ya Mkwaja, wilayani Pangani, ng'ombe aina ya Boran walikingwa kwa isometamidiamu, na tafiti za miaka ya 1980 zilionesha kwamba walizaa na kukua vizuri. Ranchi ilifungwa mwaka 2000. Sehemu ya malisho yake ilikuwa imevamiwa na kichaka, na ardhi yake sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani.