Majira ya Cheche: Historia ya Istilahi Moja ya Ufundi wa Magari

Lugha hukua pamoja na kazi za wenyeji wake. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, na baadaye malori ya mashamba ya mkonge, viliingiza maneno mengi ya mitambo katika pwani ya kaskazini. Baadhi yalikopwa: gari kutoka Kihindi, injini, breki na plagi kutoka Kiingereza. Mengine yalitoka chomboni: usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa motokaa, na rubani aliongoza meli kabla ya kurusha ndege.

Katika makala haya twalichunguza neno moja lililokopwa bila kupimwa, nalo ni taimingi. Mafundi hulitumia kwa mambo mawili: wakati wa plagi kutoa cheche, na wakati wa vali kufunguka na kufungika. Fundi hapotei, kwani injini iko mbele yake. Mfasiri ana maandishi tu.

Tuchukue mfano wa magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 yenye injini za silinda nane, kama Mercury Comet zilizoshiriki mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1964. Kwa kuwa mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui wote papo hapo, cheche hutolewa kabla pistoni haijafika juu kabisa. Mwendo wa injini ukizidi, cheche huwahishwa zaidi, kutoka nyuzi 10 hivi hadi kiasi cha nyuzi 35 za mzunguko wa krenki. Ikiwahi mno, injini hugonga, na pistoni yaweza kutoboka. Ikichelewa mno, nguvu hupungua na joto huzidi. Tena, krenki ikizunguka mara mbili, distribyuta huzunguka mara moja. Kwa hiyo nyuzi 5 za distribyuta ni sawa na nyuzi 10 za krenki.

Basi mwongozo usemao "sogeza taimingi mbele nyuzi 10" umemwacha mwanafunzi gizani. Je, ni cheche au vali? Mbele ni mapema au baadaye? Nyuzi ni za krenki au za distribyuta? Akikosea, injini huharibika.

Pwani ilikwisha kuwa na neno lifaalo. Majira ni wakati, na kwa mabaharia ni njia ya chombo baharini. Tena kuna usemi wa kutia saa majira, yaani kuirekebisha. Twapendekeza, basi, majira ya cheche na majira ya vali. Vitenzi viwe kuwahisha na kuchelewesha. Na kila nyuzi zitajwapo, ielezwe ni za kipande gani.

Leo katika magari mengi kompyuta ndiyo ipangayo majira ya cheche, lakini dhana haikubadilika. Taimingi na liendelee gerejini. Vitabuni na katika mitihani tunahitaji istilahi isiyo na maana mbili.