Selimundu na Tiba ya Maumivu Mjini Washington

Selimundu, au sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu za damu zijikunje na kuwa na umbo la mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa midogo, damu hushindwa kupita, na sehemu inayokosa oksijeni huuma. Maumivu hushika mgongo, kifua, nyonga, mikono na miguu. Yanaweza kudumu saa chache au wiki nzima, na kwa watu wazima wengi hugeuka kuwa ya kila siku. Hayaonekani kwenye picha ya eksirei, wala hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ukali wake. Daktari hana budi kutegemea kauli ya mgonjwa. Kwa hiyo historia ya ugonjwa huu mjini Washington na katika viunga vyake vya Maryland na Virginia inahusu damu na dawa, lakini inahusu pia nani aliaminiwa aliposema anaumwa.

Kutoaminiwa huko kulianza kabla ugonjwa haujapewa jina. Aprili 1862 utumwa ulifutwa katika Wilaya ya Columbia, na maelfu ya watu waliotoroka mashamba ya Kusini walikimbilia mjini. Mwaka huohuo ilianzishwa hospitali ya kuwahudumia, iliyokuja kuitwa Freedmen's Hospital, na mwaka 1863 uongozi wake alikabidhiwa daktari mweusi, Alexander Augusta. Nyakati hizo wapo madaktari wa Marekani waliofundisha kwamba mtu mweusi hasikii maumivu kama mzungu. Dhana hiyo ilichapishwa katika majarida ya tiba, na ilimfaa bwana mwenye mjeledi. Freedmen's iliungana na Chuo Kikuu cha Howard, kilichofungua idara ya tiba mwaka 1868, na kwa miongo mingi ilikuwa tegemeo kuu la madaktari na wagonjwa weusi katika mji uliotenganisha watu kwa rangi. Mwaka 1975 ikawa Howard University Hospital.

Selimundu iliingia katika maandishi ya tiba ya nchi za Magharibi mwaka 1910, pale James Herrick wa Chicago alipoeleza chembe za ajabu alizoziona katika damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa chanzo chake ni hitilafu katika hemoglobini. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti Afrika Mashariki, alieleza kwamba mwenye kurithi vinasaba vya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mjini Washington kazi hiyo ilibebwa na Roland Scott, daktari wa watoto wa Howard, aliyeanza katika miaka ya 1940 kuchunguza selimundu kwa watoto wachanga. Mwaka 1970 Scott alichapisha hesabu iliyowashtua wengi: mwaka 1967 ugonjwa wa kudhoofu kwa misuli, uliokuwa na wagonjwa wapya wachache kuliko selimundu, ulichangiwa na mashirika ya hiari zaidi ya dola milioni 7, ilhali selimundu haikufikisha dola 100,000. Mei 1972 Rais Nixon alitia saini sheria ya taifa ya kudhibiti selimundu, na Howard ikawa na kituo maalumu chini ya Scott. Fedha zilielekezwa zaidi kwenye upimaji, ushauri na utafiti. Namna mgonjwa mtu mzima alivyopokewa akifika hospitali usiku haikubadilika sana.

Wakati huohuo sheria za dawa zilikuwa zimemfundisha daktari woga. Sheria ya Harrison ya Desemba 1914 iliweka mofini na jamaa zake chini ya usimamizi wa serikali kuu, na mwaka 1919 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba daktari anayemwandikia mraibu mofini ili tu kumtuliza hafanyi kazi ya udaktari. Madaktari walishtakiwa, na wengine wakaona ni salama zaidi kumnyima mgonjwa dawa kuliko kumpa. Sheria ya mwaka 1970 ilizipanga upya dawa hizo kwa madaraja, na mwaka 1973 kikaundwa chombo cha shirikisho cha kupambana na dawa za kulevya, ambacho makao yake makuu sasa yako Arlington, ng'ambo ya mto Potomac.

Miaka ya 1990 upepo uligeuka. Mwaka 1992 wakala wa serikali ulioko Rockville, Maryland, ulitoa mwongozo uliosema kwamba kielelezo cha kutegemewa zaidi cha maumivu ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1999 hospitali za wanajeshi wastaafu zilianza kuyahesabu maumivu pamoja na joto la mwili, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu. Kampuni za dawa nazo zilichochea moto, zikidai kwamba vidonge vyao vipya havina hatari kubwa ya uraibu. Vifo vya kuzidisha dawa vilipoongezeka, mkono wa dola ulirudi. Desemba 2004 mahakama ya shirikisho mjini Alexandria ilimtia hatiani William Hurwitz, daktari wa maumivu mwenye ofisi McLean, Virginia, na mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 2006. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 2007, alitiwa hatiani kwa makosa machache zaidi na kupewa miezi 57. Waendesha mashtaka walimwona mtu aliyefumbia macho wauza dawa waliojifanya wagonjwa, na watetezi wake waliona daktari anaadhibiwa kwa kuwaamini wagonjwa wake.

Jiografia ya eneo hili iliongeza shaka. Mtu anaweza kuishi Silver Spring, Maryland, kufanya kazi Arlington, Virginia, na kutibiwa Washington, yaani kupita chini ya sheria tatu na daftari tatu za kusajili dawa za maumivu kwa siku moja. Mgonjwa anayevuka mipaka hiyo kutafuta duka lenye dawa yake huweza kudhaniwa mtu anayezunguka kwa madaktari kukusanya vidonge.

Shaka hiyo huonekana vizuri zaidi katika idara ya dharura. Muuguzi wa mapokezi huuliza maumivu yamefikia ngapi kati ya sifuri na kumi. Mgonjwa hujibu kumi, huku ametulia akitazama simu. Aliyeishi na maumivu tangu utotoni hapigi kelele. Hujipumbaza kwa televisheni, kwa mazungumzo, hata kwa usingizi. Kwa mhudumu asiyeujua ugonjwa, utulivu huo ni dalili ya uongo. Mgonjwa akitaja dawa inayomfaa na kiasi chake, huonekana teja. Asipoitaja, hupewa kiasi kisichofua dafu. Akilalamika huandikwa kuwa msumbufu, na neno hilo hubaki kwenye jalada likimsubiri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa wahamiaji wa Afrika Mashariki kuna mzigo wa ziada wa lugha: Kiswahili huyatofautisha maumivu kwa vitenzi, yakichoma, yakivuta, yakipwita au yakiwanga, na namba moja haiwezi kuyabeba yote.

Wagonjwa walibuni njia za kujilinda. Hubeba barua ya daktari wao wa damu yenye mpango wa tiba na kiasi cha dawa, huja na ndugu wa kuwasemea, humwita ofisa wa hospitali anayeshughulikia malalamiko, au hupita hospitali ya karibu wakaenda wanakojulikana. Kipindi kigumu zaidi ni pale kijana anapotoka hospitali ya watoto, alikolelewa na timu moja, na kuhamia kwa madaktari wa watu wazima ambao hawamjui.

Utafiti uliwaunga mkono wagonjwa. Mwaka 2008 watafiti wa Richmond, Virginia, walichapisha matokeo ya shajara za wagonjwa 232: maumivu yalikuwapo katika zaidi ya nusu ya siku zote, lakini walikwenda kutafuta huduma katika asilimia 3.5 tu ya siku zote. Mwaka 2013 Carlton Haywood wa Baltimore, msomi wa maadili ya tiba aliyekuwa na selimundu yeye mwenyewe, alionyesha na wenzake kwamba nchini kote wagonjwa hawa walikuwa wakisubiri katika idara ya dharura kwa asilimia 25 zaidi ya wengine, na asilimia 50 zaidi ya waliovunjika mifupa mirefu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walikuta nusu ya wanafunzi wa tiba na madaktari wazungu waliohojiwa wakiamini angalau jambo moja la uongo, kama vile kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi.

Miongozo nayo ilifuata. Mwaka 2014 taasisi ya taifa ya moyo, mapafu na damu, iliyoko Bethesda, ilielekeza kwamba mgonjwa apewe dawa ndani ya dakika 60 tangu kuandikishwa. Mwongozo mwingine wa shirikisho, wa mwaka 2016, wa kubana dawa za jamii ya afyuni haukuitaja selimundu miongoni mwa magonjwa yaliyosamehewa, na baadhi ya wagonjwa walipunguziwa dawa. Chama cha madaktari wa damu, chenye makao Washington, kiliomba ufafanuzi, kikajibiwa mwaka 2019 kwamba mwongozo haukukusudiwa kuwanyima wagonjwa hao dawa. Toleo la mwaka 2022 liliwataja wazi.

Tiba za kuondoa chanzo chenyewe zimekua katika eneo hilohilo. Desemba 2023 wakala wa dawa ulioko Silver Spring uliidhinisha tiba mbili za vinasaba, na mwaka uliofuata Children's National Hospital ya Washington ilianza kuitoa mojawapo. Gharama ya kila moja huzidi dola milioni 2, hivyo wagonjwa wengi bado hutegemea dawa za maumivu. Kabla ya hapo, Bethesda, wagonjwa 30 walipandikizwa chembe shina za damu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: upandikizaji ulifaulu kwa 26. Waliokuwa wakitumia dawa kali kwa muda mrefu walikuwa, wiki ya upandikizaji, wakihitaji wastani wa miligramu 640 hivi za mofini kwa wiki. Miezi sita baadaye kiasi hicho kilishuka hadi 140 hivi.