Panda wa WWF: Historia ya Nembo ya Rangi Mbili

Nembo ya shirika la uhifadhi la WWF ni panda, mnyama wa misitu ya mianzi ya China, ingawa wasiwasi uliolizaa shirika hilo ulianzia Afrika Mashariki. Mwaka 1960 mwanabiolojia Julian Huxley alizuru mbuga za eneo hili kwa niaba ya UNESCO. Aliporejea London aliandika makala katika gazeti la The Observer, akionya kwamba kwa kasi ya uwindaji na uharibifu wa makazi aliyoiona, wanyamapori wangeweza kutoweka ndani ya miaka 20. Makala hizo zilimgusa mhifadhi Max Nicholson, aliyewakusanya wanasayansi na watu wa matangazo ili wabuni chombo cha kuchangisha fedha. WWF iliundwa rasmi nchini Uswisi Septemba 1961, wakati uleule Julius Nyerere alipotoa tamko la kulinda wanyamapori mbele ya mkutano wa uhifadhi uliofanyika Arusha.

Chombo cha kuomba michango hakina bidhaa ya kuonyesha, kwa hiyo alama yake ndiyo hutangulia kuonekana. WWF ilitaka alama inayoeleweka kwa watu wa lugha yoyote, tena bila maandishi. Michoro ya kwanza ilifanywa na Gerald Watterson, aliyesimamia mradi wa uhifadhi barani Afrika uliozaa mkutano wa Arusha. Peter Scott, mtaalamu wa ndege na mchoraji stadi, akaipitia na kuchora nembo iliyokubaliwa.

Aliyewapa wazo alikuwa Chi Chi, panda jike wa bustani ya wanyama ya London. Mfanyabiashara wa wanyama kutoka Austria, Heini Demmer, alimpata Beijing mwaka 1958 kwa kubadilishana na wanyama wa Afrika, wakiwemo twiga na vifaru. Marekani ilimkatalia Chi Chi kuingia kwa sababu ya vikwazo vyake vya biashara dhidi ya China, na hivyo akaishia London, ambako watu walimiminika kumtazama.

Scott alieleza vigezo vyao waziwazi: mnyama awe mzuri, apendwe na watu wengi, awe hatarini kutoweka, tena apendeze katika rangi nyeusi na nyeupe ili gharama ya uchapishaji ipungue. Kigezo hicho cha mwisho ndicho chenye funzo kubwa kwa yeyote anayebuni nembo. Tembo na faru ni wa kijivu, na kijivu huhitaji vivuli, ambavyo katika karatasi duni hugeuka doa. Panda ameumbwa na rangi mbili tayari. Hata akichapwa kwa wino mmoja, akapunguzwa hadi ukubwa wa stempu, bado anatambulika.

Hata hivyo, faru hakuachwa nje ya kazi. Oktoba 1961 gazeti la Daily Mirror la Uingereza liliweka picha ya faru katika ukurasa wa mbele kuitangaza WWF, na ndani ya siku chache wasomaji walichanga takriban pauni 60,000. Picha yenye habari ya kutisha huchochea watu siku moja, lakini nembo hukaa nao miaka mingi, na huo ni wajibu mwingine kabisa.

Mchoro wa 1961 ulikuwa na kingo za manyoya. Ulilainishwa mwaka 1978, kisha mwaka 1986 ukafanyiwa badiliko kubwa zaidi: mistari ya kichwani na mgongoni iliondolewa. Yaliyobaki ni mabaka meusi ya masikio, macho, pua na miguu. Weupe wa mwili ni weupe wa karatasi yenyewe, na jicho la mtazamaji ndilo linalokamilisha umbo. Mwaka huohuo jina la shirika lilipanuliwa kutoka wanyamapori hadi mazingira yote, lakini herufi WWF zikabaki. Herufi hizo ndizo zilizoleta ugomvi mahakamani na kampuni ya mieleka ya Marekani iliyotumia herufi hizohizo, ambayo mwaka 2002 ililazimika kujiita WWE. Panda hakuwa na mshindani.

Lawama iliyopo dhidi ya nembo hiyo ni ya haki: mnyama mmoja mkubwa na mpole huwafunika vyura, wadudu na mimea inayotoweka bila kupigwa picha. Mwaka 2016 panda mwenyewe alishushwa daraja la hatari na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, kutoka kundi la walio hatarini kutoweka hadi kundi la walio katika mazingira magumu. Nembo haikubadilishwa.