NAKSHI INA HESABU NDANI YAKE



Ukipita Mji Mkongwe au Lamu utaiona milango ya nakshi. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu: naqsh. Waturuki hulitumia kwa tarizi, Waajemi kwa picha, na katika Kiurdu naqsha ni ramani.

Lakini asili yake ni nini? Ni kuchonga na kuchimbua. Fundi haongezi kitu juu ya ubao. Patasi yake inaondoa mpaka ua lionekane. Hata kibano cha kutolea mwiba Waarabu hukiita minqash. Na pete ya fedha ya Mtume wetu (S.A.W.) ilitiwa nakshi ya maneno matatu, Muhammad Rasul Allah, ikawa muhuri wa barua zake kwa wafalme.

Sasa zingatia hapa. Mzizi huo huo ndio uliozaa munaqasha, yaani kulichimbua jambo mpaka ndani. Katika Sahih al-Bukhari, Bi Aisha (R.A.) amepokea kwamba atakayefanyiwa munaqasha katika hesabu yake ataadhibiwa. Akauliza: na ile hesabu nyepesi iliyotajwa katika Surat al-Inshiqaq? Mtume akamfahamisha kuwa hiyo ni kuonyeshwa amali tu, si kuchimbuliwa.

Ndugu yangu, tunanakshi milango, makabati, hata misikiti. Nafsi je? Itoe miba yake leo, kabla hujachimbuliwa kesho.

Allah atusahilishie hesabu. Amin.