Cherehani, Maziwa na Sanduku la Kufuli Tatu: Miaka Sabini ya Mafunzo ya Wanawake Chini ya Mlima Meru

Ukitoka katikati ya Jiji la Arusha kuelekea Moshi, hukawii kufika Kimandolu. Eneo hili lililokuwa la migomba na maboma ya Waarusha sasa limejaa nyumba za kupanga, gereji, saluni na maduka ya vifaa vya ujenzi. Vibarazani mwa maduka hayo wanawake huketi nyuma ya cherehani, wakishona sare za shule na magauni ya vitenge, au wakipunguza suruali za mitumba ambazo mteja amenunua asubuhi hiyo hiyo sokoni. Wengi hawakuzaliwa mjini. Wametoka vijiji vya Meru na Hai, wengine Babati, Kondoa na Singida, na si wachache walioingia Arusha kwanza kama wasichana wa kazi za ndani.

Ufundi walio nao una historia ndefu. Umepitia mikono ya wake za magavana, chama cha ukombozi, serikali ya Ujamaa, makanisa, wafadhili na vikundi vya akina mama wenyewe. Kila kizazi kilikuja na mpango wake wa kumwinua mwanamke maskini wa kijijini. Mipango mingine ilibadili maisha ya kaya nzima, mingine ikaacha vyeti ukutani na cherehani iliyofunikwa kanga. Ukiifuatilia historia hiyo, utaona kuwa tofauti haikutokana sana na ufundi uliofundishwa. Ilitokana na jibu la swali moja: mwanamke akishafanya kazi ile, fedha inaingia mkononi mwa nani?

Kihamba cha baba, kahawa ya baba

Miteremko ya Meru ina rutuba, lakini imebana. Juu ni msitu, chini wakati wa ukoloni yalikuwa mashamba ya walowezi, na katikati wakabaki Wameru na Waarusha wakigawana vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vilivyozidi kupungua kila kizazi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru karibu 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi. Kilio hicho mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alikifikisha Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na kesi ya ardhi ya Wameru ikawa miongoni mwa chemchemi za siasa za uhuru wa Tanganyika.

Ndani ya kaya kulikuwa na ubanaji mwingine. Kwa mila, ardhi ya ukoo ilirithiwa na watoto wa kiume. Kahawa, zao la fedha, iliandikishwa kwa jina la baba, na malipo ya chama cha ushirika yalipokelewa na baba. Mama alipalilia na kuchuma, kisha akategemea mkungu wa ndizi, debe la maharage na kibuyu cha maziwa apate fedha ya chumvi na mafuta ya taa. Binti asiye na ardhi wala zao la kahawa alihitaji kitu cha kumshika mkono. Hapo ndipo mafunzo yalipoingia.

Madarasa ya sindano

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Lady Twining, mke wa Gavana Edward Twining, alisimamia kuanzishwa kwa Baraza la Wanawake wa Tanganyika. Vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma, kupika, usafi na malezi, na kwa baadhi ya wanawake lilikuwa darasa la kwanza maishani mwao. Lakini shabaha ilikuwa kumtengeneza mke nadhifu wa nyumba nadhifu. Kitambaa alichodarizi kilikusudiwa kupamba meza ya mumewe, na hakuna aliyemfundisha kukipangia bei.

Mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru, uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, chini ya uenyekiti wa Bibi Titi Mohamed. Shabaha ikapanuka: siasa, kisomo, afya na miradi ya pamoja. Mwaka uliofuata kilianzishwa Tengeru, mwendo mfupi mashariki ya Kimandolu, chuo cha maendeleo ya jamii ambacho leo ni Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Wataalamu wa kada hiyo, mabwana na mabibi maendeleo, walisambazwa vijijini. Bibi maendeleo ndiye aliyewaita akina mama chini ya mti, akawaonyesha jiko lisilomaliza kuni, uji wa mtoto, na namna ya kuanzisha kikundi.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema wazi jambo ambalo watawala wengi walikuwa wakilifumbia macho: kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko mtu yeyote nchini. Ukweli huo ulistahili mpango wa kutosha wa kuipa kazi ile thamani yake. Mara nyingi ulichozaa ni kazi nyingine juu ya zile za zamani: shamba la kikundi, duka la kijiji, mkutano wa jioni.

Vyuo vya wananchi

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1975, zilipoanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden na kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya nchi za Skandinavia, ambavyo Mwalimu Nyerere alivipenda. Vilifika zaidi ya 50 nchi nzima, na katika Mkoa wa Arusha kipo cha Monduli. Mtu mzima aliyemaliza darasa la saba, au aliyejifunza kusoma kwenye kisomo, aliweza kuingia, akajifunza stadi na kurudi kijijini kwake.

Lilikuwa wazo zuri, lililomheshimu mkulima. Lakini lilifuata mipaka ya zamani: wanaume walikwenda uashi, useremala na umakanika, wanawake wakaelekezwa kwenye ushonaji na upishi. Kikundi kizima cha wasichana wa tarafa moja kikihitimu kushona kwa pamoja, wanarudi kugombea wateja wale wale ambao hununua nguo mpya wakati wa Krismasi au Idi. Aliyerudi bila cherehani alikuwa na hali ngumu zaidi, kwa kuwa ujuzi wake ulihitaji chombo ambacho baba au mume hakuona sababu ya kumnunulia.

Mitumba yabisha hodi

Kisha soko lenyewe likabadilika. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni viliikamua nchi. Mwaka 1984 Serikali ikaanza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na mwaka 1986 ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mshahara wa mwezi ukawa hautoshi wiki. Mke wa karani na mke wa mkulima wote wakaanzisha miradi: maandazi, kuku, mbege, bustani ya mchicha.

Kwa fundi cherehani, kipindi hicho kilileta mshindani ambaye hakumudu kushindana naye. Marobota ya mitumba yalimiminika, na gauni lililovaliwa Ulaya likauzwa kwa bei ndogo kuliko kitambaa chake. Viwanda vya nguo vikadhoofika kimoja baada ya kingine. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki, wakikutana hapa hapa Arusha, waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za biashara, nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda iliyoshikilia ilisimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Fundi wa Kimandolu anayepunguza kiuno cha suruali ya mtumba amejifunza kuishi na mitumba hiyo iliyobaki sokoni. Amehamia kwenye sare za shule, vitenge na marekebisho, nguo ambazo robota haliwezi kuleta.

Fedha ya maziwa

Wakati ushonaji ukibanwa, miteremko hii ya milima ilikuwa ikionyesha njia nyingine. Maziwa kwa mila yalikuwa ya mama: yeye ndiye mkata majani, mkamuaji na muuzaji. Kwa hiyo mafunzo ya ufugaji wa ng'ombe wa kisasa yalipokuja, yalikuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Mfano unaostahili kusomwa katika kila chuo cha maendeleo ni wa Nronga, kijiji cha Machame wilayani Hai, upande wa Kilimanjaro. Mwaka 1988 akina mama wa huko waliunda chama chao cha ushirika cha maziwa. Walikusanya maziwa pamoja, wakapima, wakayasindika na kuyauza, na malipo yakamfuata mama aliyeyaleta. Mwaka uliofuata mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika na bei ya kahawa ikaporomoka. Kaya zilizotegemea hundi ya baba zikajikuta zinasomesha watoto kwa fedha ya maziwa.

Upande wa Meru pia, shirika la Heifer na makanisa walieneza utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Familia inapewa mtamba baada ya kufundishwa kujenga banda na kupanda majani ya malisho. Ndama jike wa kwanza anapelekwa kwa jirani anayesubiri zamu. Deni linalipwa kwa kitu ambacho mama mwenyewe amekilea. Kijijini Mulala, kikundi cha akina mama cha Agape kilitengeneza jibini kwa ajili ya hoteli, kisha kikawapokea watalii katika mpango wa utalii wa utamaduni ulioanza miaka ya 1990. Katika mifano yote hii mafunzo yalifungamana na mali, mali ikafungamana na soko, na soko likamlipa aliyefanya kazi.

Sanduku na halmashauri

Miaka ya 1990 mazungumzo yakahamia kwenye mtaji. PRIDE Tanzania, iliyokuwa na makao makuu Arusha, ilikopesha wafanyabiashara wadogo kwa dhamana ya kikundi. Iliwafaa wenye genge linalozunguka kila siku. Kwa mama anayesubiri mavuno, marejesho ya kila wiki yalikuwa mzigo.

Baada ya mwaka 2000 vikaenea VICOBA. Wanachama wanakutana, wananunua hisa, wanakopeshana kutokana na hisa hizo, na mwisho wa mzunguko wanagawana faida. Fedha hukaa ndani ya sanduku la kufuli tatu, na kila ufunguo una mwanachama wake. Kwa njia hiyo mama wa kijijini aliweza kukopa fedha ya cherehani au ya mbegu bila hati ya kiwanja na bila kuomba sahihi ya mume. Pamoja na hayo ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi. Sheria ya mwaka 2018 iliigawa hivi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Vikundi hewa na madeni yasiyolipwa vilisababisha mikopo hiyo isimamishwe Aprili 2023. Mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Huo mwaka wa kusubiri uliwaumiza zaidi wale waliokuwa wamesajili vikundi vya kweli.

Sheria nazo zilisogea. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Kati ya sheria na kihamba bado liko baraza la ukoo, na huko wanawake wengi wanaendelea kushindwa kabla hawajafika mahakamani.

Kizazi cha sasa

Leo milango ni mingi kuliko wakati wowote. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo Njiro, kikiwamo cha hoteli na utalii, na msichana anaweza kusomea umeme au uchomeleaji akitaka. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vimekuwa vikiwapokea akina mama vijana, baadhi vikiwa na mahali pa kulelea watoto wao wakati mama yuko darasani. Huo ni uamuzi wa hekima. Mwenye mtoto mgongoni hawezi kukaa darasani hadi saa kumi, na kwa miongo mingi hakuna aliyempangia.

Kilichobaki kinajulikana, kwa sababu historia ya milima hii imekwisha kukionyesha. Mhitimu wa ushonaji atoke na cherehani yake, hata kwa mkopo wa polepole. Ufundi uchaguliwe kwa kutazama wateja waliopo, si kwa mazoea ya kuwafundisha wasichana wote sindano. Ratiba ifuate msimu wa shamba. Akaunti iwe kwa jina lake, na kama kuna kiwanja, hati iwe na jina lake pia.

Mashirika na ofisi za Serikali hupenda kuripoti idadi ya waliofundishwa. Idadi hiyo ni rahisi kuipata, na haisemi lolote kuhusu umaskini. Chuo kinachotaka kujipima kimtafute mhitimu wake baada ya miaka miwili, kibarazani Kimandolu au kijijini Mulala, kimuulize kama bado anafanya kazi aliyofundishwa, anamuuzia nani, na matumizi ya fedha ya jana yaliamuliwa na nani. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo matokeo ya mtihani, na mwenye kuyajibu ni yeye.