Newala: Mji wa Juu, Maji ya Chini

Pembeni mwa mji wa Newala, mahali wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika. Uwanda wa Makonde, ambao ukitokea Mikindani hupanda taratibu hata msafiri asijue kwamba anapanda, unaishia hapo kwa genge refu. Chini limelala bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Wageni hupiga picha upeo wa macho. Mimi ningewaomba kwanza watazame karibu, kwenye miteremko iliyo chini ya miguu yao, kwa kuwa huko ndiko yalikokuwa maji.

Juu hakuna mto wala kijito. Udongo ni wa mchanga. Mvua ikinyesha, maji huzama na kwenda kutokea mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka na vyombo vitupu, wakapanda na vyombo vimejaa kichwani. Kwa nini basi watu walijenga juu? Karne ya 19 ndiyo yenye jibu. Misafara ya watumwa ilipita nchi za chini kuelekea pwani, na Wangoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, walikuja kuteka watu na mali. Vichaka vya uwandani vilikuwa vizito, njia zake nyembamba, na mvamizi asiyezijua alipotea au alikwama. Kushuka kisimani kila siku ilikuwa taabu, lakini taabu hiyo ilikuwa nafuu kuliko kufungwa kamba shingoni.

Masasi ilionja tofauti hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliwaweka pale watu waliokombolewa utumwani, katikati ya majabali, kwenye ardhi ya chini. Mwaka 1882 Magwangwara wakaivamia, wakaua na kuteka. Mmisionari Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao aliyekuwa na nguvu kule juu. Misheni ilirudi Masasi baadaye, na Masasi ikawa makao ya dayosisi. Lakini katika saa ya hatari, kimbilio lilikuwa Newala.

Mwaka 1906, moshi wa vita vya Maji Maji ukiwa haujaisha kusini, alifika Karl Weule, mtaalamu wa makabila kutoka Leipzig. Alikaa Newala, akanasa nyimbo za watu kwa fonografu, akaandika habari za jando na unyago, na shida ya maji akaiona kwa macho yake.

Laiti maafisa wa kijeshi waliokuja baadaye wangejifunza kwa wanawake wale waliopandisha maji. Ruvuma ulikuwa umefanywa mpaka wa Wajerumani na Wareno tangu mapatano ya 1886. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Septemba 1916, Wareno wakauvuka, na Oktoba wakalikalia boma la Newala, wakiamini kwamba mwenye kilima ndiye mwenye nchi. Wajerumani waliporudi Novemba, waliwanyang'anya kwanza mahali pa kuteka maji chini ya mji, kisha wakalizunguka boma. Mizinga haizimi kiu. Mwishoni mwa mwezi huo Wareno wakaiacha Newala na kurudi ng'ambo.

Mwaka uliofuata zamu ya kukimbia ikawa ya Wajerumani. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alipita Newala akikimbia majeshi ya Waingereza, akavuka Ruvuma karibu na Ngomano tarehe 25 Novemba 1917. Kapteni Theodor Tafel, aliyekuwa akimfuata kutoka Mahenge bila chakula, hakumkuta. Akajisalimisha siku chache baadaye. Miongoni mwa wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote walikuwamo watu wetu, na mihogo iliyoliwa ilitoka mashambani mwao.

Mpaka wa Ruvuma haukuwahi kuwatenga Wamakonde. Ng'ambo kuna uwanda mwingine, wa Mueda, wenye Wamakonde na kiu ileile. Wengi wao walivuka kuja Tanganyika kukata mkonge. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, na vita vya FRELIMO vya kuikomboa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, wakimbizi waliovuka kuja kusini mwa Tanzania walipokelewa na watu wanaosema lugha yao. Tangu 2010, Daraja la Umoja linaunganisha Mtambaswala na upande wa Ngomano, kule kule alikopitia Lettow.

Maji nayo yalianza kupanda kwa mashine miaka ya 1950, mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyasukuma kutoka bondeni. Baada ya uhuru mradi ulipanuliwa, na Finland ilisaidia kwa miaka mingi. Hata hivyo pampu hufa na umeme hukatika. Ndiyo maana familia nyingi za Newala, zikipata fedha za korosho, huezeka bati na kuchimba uani kisima cha saruji cha kukinga mvua. Anayejenga nyumba leo huulizwa habari za kisima hicho kabla ya kuulizwa idadi ya vyumba.