Toleo Lengwa: Namba Inayotangazwa na Programu

Programu ya Android hubeba namba tatu za matoleo. Moja hutaja toleo la chini kabisa la mfumo linaloweza kuisakinisha, nyingine hutaja toleo lililotumika kuijenga. Ya tatu, ambayo kwenye msimbo huandikwa targetSdkVersion, ndiyo toleo lengwa.

Wafasiri wana lugha lengwa, na wenye matangazo wana hadhira lengwa. Kwa msanidi programu, toleo lengwa ni lile analotangaza kwamba ameliandikia na kulifanyia majaribio. Simu yenyewe inaweza kuwa na toleo jipya zaidi. Simu ya Android 14, ambayo kiwango chake cha API ni 34, ikikuta programu iliyolenga 28, huiwekea taratibu kadhaa za zamani ili isiharibikie mikononi mwa mtumiaji.

Chukua suala la ruhusa. Hadi Android 5, ukisakinisha programu umeshaikubalia kila ilichoomba. Android 6.0, yaani kiwango cha 23, ilipotoka mwaka 2015, programu zilizolenga 23 zikatakiwa kuomba ruhusa ya kamera au ya orodha ya majina pale zinapoihitaji. Zilizolenga 22 ziliendelea kupewa zote kwa mkupuo, ila mtumiaji aliweza kuingia kwenye Mipangilio na kuzizima. Hapo ndipo penye mtego: programu ya 22 ikiuliza kwa checkSelfPermission, hujibiwa kuwa ruhusa ipo hata kama imezimwa. Ikienda kusoma majina, hupewa orodha tupu.

Msanidi anayejua programu yake imelenga ngapi hana haja ya kuiuliza. Mwenye haja ni mwandishi wa maktaba ya msimbo, kwa kuwa kazi yake huingizwa ndani ya programu za watu asiowajua. Maktaba hiyo husubiri programu iendeshwe, ndipo isome getApplicationInfo().targetSdkVersion pamoja na Build.VERSION.SDK_INT, ambayo ni namba ya simu. Simu ikiwa 23 au zaidi na lengo likiwa chini ya 23, hutumia PermissionChecker, ambayo hutazama pia kama mtumiaji ameizima ruhusa.

Mtego wa 22 unafifia. Android 14 hukataa kusakinisha programu zilizolenga chini ya 23, kwa sababu waundaji wa programu hasidi walikuwa wakichagua 22 makusudi ili kukwepa kuomba ruhusa. Google Play nayo, tangu 2018, hudai toleo lengwa la karibuni kwa programu mpya na masasisho. Hata hivyo mipaka mipya huzaliwa. Kwenye simu ya Android 13, programu mpya iliyolenga 33 huchagua yenyewe wakati wa kuomba ruhusa ya arifa. Iliyolenga 32 au chini yake huombewa na mfumo, pengine wakati ambao msanidi hakuupanga.

Kwa hiyo mwongozo unaosema tu “angalia toleo la Android” haujatosha. Msomaji ataangalia namba ya simu, huku tabia anayoitafuta ikiwa imeamuliwa na namba mbili. Aandikiwe zote: toleo la simu na toleo lengwa.